Ngozi Iliyojazwa Upepo

Mwaka 1772, jijini London, mchoraji George Stubbs aliwekewa mbele yake ngozi ya mnyama ambaye hakuwahi kumwona akitembea. Ngozi ile ilikuwa imetoka upande wa pili wa dunia katika meli ya Endeavour. Mwenyewe, Joseph Banks, kijana tajiri aliyekuwa na kiu ya elimu ya mimea na wanyama, alitaka itoke picha.

Stubbs hakuwa mchoraji wa kubahatisha. Uingereza nzima ilimjua kwa farasi wake. Alikuwa amechuna mizoga yao tabaka kwa tabaka, msuli kwa msuli, na mwaka 1766 akatoa kitabu cha maumbile ya farasi ambacho mpaka leo kinaheshimiwa. Kwa mnyama huyu mgeni ujuzi huo ulikwama. Hapakuwa na mzoga wa kuchuna, na Stubbs hakujua mnyama anakaaje, anarukaje wala anageuzaje shingo. Alikuwa na maelezo ya Banks, michoro michache ya penseli, na ngozi ambayo inaaminika ilipulizwa au kujazwa mpaka ikavimba na kupata umbo.

Akachora hivyohivyo. Mnyama wake amesimama mwambani, ametazama nyuma kupitia begani, mkia mrefu umemfuata. Mwaka 1773 picha ilitundikwa katika maonyesho ya London, na mwaka huohuo nakala yake ya kuchongwa ikaingia katika kitabu cha safari za James Cook, nahodha wa Endeavour. Wachongaji wengine wakainakili, na wengine wakainakili nakala ya nakala. Kwa watu wengi wa Ulaya, kwa miaka mingi, kangaruu alikuwa huyo: ngozi iliyojazwa, ikapewa macho.

Nimeanza na ngozi hiyo kwa sababu imebeba jambo lote ninalotaka kulisimulia. Hakuna bara ambalo wanyama wake wamewashangaza wageni kama Australia, na kwa zaidi ya miaka 250 wageni hao wameomba kitu kilekile: tuonyesheni. Wakaonyeshwa, kwa kalamu, kwa brashi, kwa shaba, kwa kamera. Lakini picha haiwezi kumpa mgeni kile ambacho mwonyeshaji mwenyewe hakukipata. Aliyemwona mnyama hai huonyesha uhai, na aliyeona ngozi huonyesha ngozi.

Jina lilitangulia picha

Juni 1770 Endeavour iligonga matumbawe katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Australia, ikapata tundu, ikasukumwa mpaka kwenye mlango wa mto ili itengenezwe. Mabaharia walikaa hapo wiki kadhaa, katika nchi ya watu wa Guugu Yimithirr. Ndipo walipomwona mnyama aliyeruka kwa miguu ya nyuma. Wakauliza jina, wakaambiwa: gangurru.

Baadaye Wazungu walizusha hadithi kwamba neno hilo lilimaanisha “sijui”, yaani mwenyeji alikuwa hajaelewa swali. Hadithi hiyo si kweli. Mwenyeji alielewa vizuri, na jibu lake lilikuwa sahihi kuliko swali, kwani gangurru ni jina la aina moja mahususi ya kangaruu mkubwa, na wengine wana majina yao. Mgeni ndiye aliyelichukua jina la mmoja akawavika wote. Meli za Waingereza zilipotia nanga Sydney mwaka 1788, mabaharia walilitumia neno hilo kwa wenyeji wa huko, ambao lugha yao ni nyingine kabisa. Wale wakadhani ni neno la Kizungu la mnyama yeyote, wakawa wanauliza kama ng’ombe waliokuwa wakishushwa nao ni kangaruu.

Katika Endeavour walikuwamo vijana wawili waliomchora kangaruu wakiwa palepale alipoishi: Sydney Parkinson na Herman Spöring. Stubbs angeweza kukaa nao akawauliza. Lakini walipokuwa wakirudi, meli ilitua Batavia, mji ambao sasa ni Jakarta, na maradhi yakaingia. Januari 1771 wote wawili walifariki baharini. Michoro yao ilifika, macho yao hayakufika.

Mdomo wa bata

Ikiwa kangaruu alishangaza, kinyamadege alitiliwa shaka kwamba hayupo kabisa. Huyu ndiye mnyama mdogo wa mtoni mwenye manyoya laini, mkia bapa na mdomo kama wa bata, ambaye Wazungu humwita platipasi. Mwaka 1797 gavana John Hunter alimtazama mwenyeji mmoja kando ya maji karibu na mto Hawkesbury akimvizia kinyamadege kwa subira kubwa, mkuki mkononi, mpaka alipoibuka kuvuta hewa. Gavana akapeleka mmoja Uingereza, kwa chama cha wasomi cha mji wa Newcastle.

Mwaka 1799 George Shaw, mtaalamu wa wanyama katika Makumbusho ya Uingereza, alitoa maelezo na picha ya kwanza iliyochapishwa. Mwenyewe aliandika kwa wasiwasi. Ilikuwa vigumu, alikiri, kutofikiri kwamba kuna mjanja aliyeshona mdomo wa ndege kwenye kichwa cha mnyama. Inasimuliwa kwamba alichukua mkasi akatafuta uzi kwenye maungio. Sioni haja ya kumcheka. Mezani pake palikuwa na kitu kikavu kisichopumua, na kitu kikavu hakiwezi kujitetea.

Shaka ya mdomo iliisha haraka, ikabaki ya mayai. Mnyama mwenye manyoya anayenyonyesha, anatagaje? Wenyeji walisema anataga. Wasomi wa London na Paris wakabishana miaka 85 juu ya mizoga iliyohifadhiwa kwenye pombe. Mwaka 1884 kijana Mskoti, William Hay Caldwell, alipiga kambi katika mto Burnett, Queensland, akawaajiri Waaborijini wengi, yaani wenyeji hao, wamtafutie. Wao ndio walioyajua mashimo ya kando ya mto, nao ndio waliompatia wanyama aliowahitaji. Caldwell alimpata jike aliyekwisha kutaga yai moja huku la pili likiwa bado tumboni, akatuma simu ya maandishi iliyosomwa katika mkutano wa wanasayansi mjini Montreal. Dunia ikasadiki maneno manne ya kisomi ya Caldwell. Ya wenyeji yalikuwa yamesemwa kwa miaka yote hiyo bila kusikilizwa.

Rangi zenye namba

Lakini walikuwapo pia waonyeshaji waliojua kutazama. Ferdinand Bauer, mzaliwa wa Austria, aliizunguka Australia kuanzia mwaka 1801 katika meli ya Matthew Flinders iitwayo Investigator. Tatizo lake lilikuwa la kila mchoraji wa safari. Samaki akitolewa majini rangi hufifia ukimtazama, ua hunyauka kabla ya jioni, na melini hapana nafasi wala utulivu wa kupaka rangi kwa makini. Bauer akajitengenezea mfumo. Alichora kwa penseli, haraka lakini kwa uhakika, kisha juu ya kila sehemu akaandika namba ndogo, kila namba ikiwa ni rangi moja kamili kati ya rangi zinazokaribia 1,000 alizozipanga: kijani hiki na si kile, wekundu wa hapa na si wa pale. Alirudi Ulaya na michoro zaidi ya 2,000. Miaka mingi baadaye aliweza kukaa chumbani, akazisoma namba zake na kumrudishia koala kijivu chake na kaa buluu yake. Ukiitazama michoro ile ya penseli leo, imejaa tarakimu kama daftari la hesabu. Mimi naiona ni heshima kubwa kwa kiumbe: kumwangalia kwa makini kiasi hicho angali mbele yako, kwa kujua kwamba kesho hatakuwapo.

Miaka hiyohiyo Wafaransa nao walikuwa baharini chini ya Nicolas Baudin, wakiwa na mchoraji Charles-Alexandre Lesueur. Katika kisiwa cha King na kisiwa cha Kangaroo walikuta emu wadogo kuliko wale wa bara, wakachukua kadhaa wakiwa hai. Ndege hao walifika Ufaransa, na baadhi wakaishi katika bustani ya Malmaison ya Joséphine, mke wa Napoleon. Huku nyuma visiwani, wawindaji wa sili na mbwa wao waliwamaliza ndugu zao wote. Emu wa mwisho wa jamii hizo walikufa Paris mwaka 1822. Wanaotaka kuwajua leo hurudi kwa Lesueur, na kwa ngozi na mifupa michache ya makumbusho. Kwetu husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Emu wale wenyeji hawakupona.

Elizabeth

Septemba 1838 John Gould na mkewe Elizabeth walishuka Hobart, Tasmania. Yeye ndiye aliyekuwa mfanyabiashara na mtaalamu wa ndege, mkewe ndiye aliyekuwa mkono wa kuchora. Elizabeth aliwaacha Uingereza watoto wake wadogo watatu kwa mama yake, akaja na mkubwa, na mwaka uliofuata akajifungua mwingine huko Hobart. Mumewe akienda porini, yeye alibaki akichora ndege na mimea ambayo ndege hao hutua juu yake, kwa sababu walitaka mtazamaji wa mbali amwone ndege akiwa kwake.

Walirudi mwaka 1840. Agosti 1841, siku chache baada ya kujifungua tena, Elizabeth alifariki akiwa na umri wa miaka 37. Alikuwa amekamilisha picha 84 za kitabu kikubwa cha ndege wa Australia, kilichokuja kuwa na juzuu 7 na picha 600. Mumewe alimpa jina lake ndege mdogo mzuri kuliko wengi, chiriku wa kaskazini mwenye kifua cha zambarau na tumbo la njano.

John Gould alifanya na jambo jingine linalonigusa. Alipoandika juu ya tailasini, mnyama mwenye michirizi mgongoni ambaye walowezi walimwita chui milia wa Tasmania, alitabiri kwamba kisiwa kikijaa watu na kondoo, mnyama huyo atapungua upesi na kubaki habari ya kale. Onyo hilo lilichapwa pamoja na picha nzuri, katika vitabu vya bei kubwa, likasomwa na watu wenye uwezo. Hakuna aliyechukua hatua.

Kamera katika maji ya bamvua

Kamera ilipokuja, watu walidhani uongo umekwisha. Mmoja wa wa kwanza kuipeleka mahali pagumu ni William Saville-Kent, mtaalamu wa uvuvi aliyefanya kazi Queensland. Alitaka kuwaonyesha Wazungu mwamba mkubwa wa matumbawe, lakini kamera ya zama zake haikuweza kuzama. Jawabu lake watu wa pwani yoyote wangelifahamu: alingoja bamvua. Maji yalipokupwa kuliko siku zote na matumbawe kubaki wazi, alikuwa na muda mfupi wa kukanyaga kwa hadhari, kusimamisha kamera yake nzito, kupiga na kuondoka kabla maji hayajaanza kujaa. Mwaka 1893 kitabu chake kilitoka London kikiwa na picha hizo pamoja na michoro ya rangi aliyoipaka mwenyewe, kwa sababu kamera haikuwa na rangi. Miaka zaidi ya 100 baadaye watafiti wamerudi mahali alipopiga baadhi ya picha hizo wakiwa na nakala mkononi, wakilinganisha, na wakabishana kwa moto juu ya kilichobadilika. Saville-Kent alikuwa akimtuliza mgeni kiu ya kuona, kumbe alikuwa anawaachia wajukuu ushahidi.

Yeye pia ndiye aliyempiga picha mjusi wa kaskazini anayefungua ukosi shingoni kama mwavuli, akaeleza jinsi anavyokimbia kwa miguu miwili. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1984, tangazo la gari katika televisheni ya Japani lilimwonyesha mjusi huyo akitimua mbio, na Japani nzima ikampenda ghafla. Lakini nisiende mbele kabla ya kusimama Tasmania.

Dakika moja ya Hobart

Kuanzia mwaka 1888 hadi 1909 serikali ya Tasmania ilimlipa pauni moja kila aliyeleta tailasini mkubwa aliyeuawa. Malipo 2,184 yaliandikwa vitabuni. Kosa lake lilikuwa moja: anakula kondoo. Mwaka 1921 jarida la Makumbusho ya Australia lilichapisha picha iliyopigwa na Henry Burrell, tailasini akiwa na kuku mdomoni. Ilinakiliwa sana, ikawa sura ya mnyama huyo: mwizi wa bandani. Watafiti wa siku hizi wameitilia shaka. Wapo wanaosema alikuwa mnyama wa kufungwa, wakionyesha kuwa picha imekatwa kingo zake. Wapo wanaosema hakuwa hai hata kidogo, alikuwa ngozi iliyojazwa. Kwa vyovyote, haikuwa picha ya porini. Mwaka 1773 ngozi iliyojazwa ilimfanya kangaruu apendwe. Miaka karibu 150 baadaye picha ya mashaka ilimthibitishia tailasini hukumu ambayo tayari ilikuwa inatekelezwa.

Kisha ikaja picha ya kweli. Tarehe 19 Desemba 1933 mtaalamu kijana David Fleay aliingia ndani ya kizimba cha tailasini katika bustani ya wanyama ya Beaumaris, Hobart, akiwa na kamera ya filamu. Filamu ile ni kama dakika moja tu. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara naona kitu kipya. Mnyama anatembea kando ya waya, mkia mgumu kama wa kangaruu, haupepei kama wa mbwa. Anajikuna. Analala juani. Anapanua kinywa, na taya zinafunguka mpaka unadhani zimeachia. Kupanua kinywa hivyo ilikuwa ishara ya kuonya, na Fleay, aliyekuwa ameinamia kamera yake, hakuonyeka: alipigwa jino la tako. Kovu hilo alilisimulia mpaka uzeeni.

Tarehe 10 Julai 1936 serikali ilimpa tailasini ulinzi wa sheria. Tarehe 7 Septemba mwaka huohuo wa mwisho aliyejulikana alikufa Hobart, usiku wa baridi. Siku 59. Hata mabaki yake yalisahaulika kabatini kwenye makumbusho ya Tasmania mpaka watafiti wawili walipoyatambua na kuyatangaza mwaka 2022. Mwaka uliotangulia, mafundi wa Paris, kwa niaba ya hifadhi ya filamu ya Australia, waliitia rangi filamu ya Fleay, wakijifunza rangi hizo kwa ngozi na maandishi ya kale. Leo mtu yeyote anaweza kumwona tailasini wa rangi ya mchanga, milia imekoza mgongoni, akitembea. Ni picha bora kuliko zote alizopata kupigwa. Na ndiyo inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu ilipigwa karibu miaka miwili na miezi tisa kabla ya kifo cha yule wa mwisho, wakati bado palikuwa na kitu cha kuokoa.

Anayependwa na asiyependwa

Koala naye aliponea chupuchupu. Agosti 1927 serikali ya Queensland ilifungulia uwindaji kwa mwezi mmoja, na koala kama 600,000 wakachunwa, ngozi zao zikienda masoko ya nje. Mwaka huohuo, katika mji wa Brisbane wa jimbo hilohilo, ilifunguliwa hifadhi ya Lone Pine kwa ajili ya kuwatunza. Mwezi ule hasira za wananchi zilikuwa kubwa, na tangu hapo koala wa Queensland hawakuwindwa tena kihalali. Taratibu mgeni aliyekuja kununua manyoya akawa mgeni anayekuja kupiga picha. Oktoba 1984 Japani, iliyokuwa bado inamshangilia yule mjusi, ilipokea koala sita kwa ajili ya bustani tatu. Novemba 2014 marais Barack Obama na Vladimir Putin, waliokuja Brisbane kwa mkutano, walipigwa picha kila mmoja na koala mikononi. Mwaka 2024 Lone Pine yenyewe ilisimamisha desturi ya wageni kuwakumbatia. Wageni sasa husimama kando, na naamini huo ndio upole unaomfaa zaidi.

Kisiwa cha Rottnest kina historia ya aina hiyo. Desemba 1696 Mholanzi Willem de Vlamingh aliwakuta huko kwoka, wanyama wa ukoo wa kangaruu wenye ukubwa wa paka, akawadhania panya wakubwa, na kisiwa kikaitwa kiota cha panya. Watu wa Noongar wana jina lao la siku zote: Wadjemup. Kwa miaka mingi kisiwa hicho kilikuwa gereza la Waaborijini, na zaidi ya wafungwa 370 walifia na kuzikwa huko. Leo mgeni hufika na simu mkononi kupiga picha ya pamoja na kwoka, kwa kuwa mdomo wake umekaa kama unaotabasamu. Desemba 2017 mcheza tenisi Roger Federer alipiga yake, ikazunguka dunia. Sina ugomvi na tabasamu hilo. Ninachoomba ni kwamba anayewaonyesha wageni kwoka awaonyeshe na makaburi, kwa sababu mahali ni pamoja.

Buibui aliyepewa jina akiwa mfu

Mwaka 1874 kasisi wa Kiingereza Octavius Pickard-Cambridge alieleza buibui mdogo wa Australia, milimita tano hivi, ambaye dume lake lina kipande chenye rangi kilichokunjwa pande zote za tumbo. Aliambiwa na waliomletea kwamba buibui huvitandaza vile vikunjo akiruka, kama mbawa. Akamwita volans, yaani arukaye angani. Alikuwa na kielelezo kilichokufa. Jina likabaki.

Mwaka 2005 Jürgen Otto, mtaalamu wa utitiri anayeishi Sydney, alikuwa akitembea msituni pembezoni mwa jiji alipoona karibu na mguu wake kitu kidogo kikidunda. Aliwatafuta hao buibui kwa miaka, akajifunza kuwafuga, akalala chini na kamera yenye lenzi ya kukuzia. Akayaona yale ambayo kasisi hakuweza kuyaona. Dume halitumii kile kipande kuruka. Likikutana na jike husimamisha tumbo lote, likakifungua kile kipande kama mkia wa tausi, chekundu, buluu, kijani kinachometameta, likanyanyua jozi ya tatu ya miguu kama anayeomba asikilizwe, likacheza upande huu na upande ule. Jike likiridhika hutulia. Lisiporidhika, dume hukimbia kuokoa maisha. Mwaka 2011 Otto na mwenzake David Hill walichapisha ushahidi huo, na picha zake zikasambaa kwa watu ambao siku zote waliogopa buibui. Barua zikaja, watu wengine wakaanza kuinama na kutafuta, na aina zilizotambuliwa sasa zimezidi 100. Jina volans halitabadilishwa, kanuni za sayansi haziruhusu. Limebaki kama kumbukumbu ya kile kinachotokea tunapomweleza kiumbe kabla ya kumtazama.

Waliokosekana pichani

Tarehe 31 Desemba 2019, moto wa misitu ukiwa unaiteketeza Australia, katika Lake Conjola, New South Wales, mpigapicha Matthew Abbott alimnasa kangaruu akikimbia mbele ya nyumba inayowaka, mwili mweusi dhidi ya anga jekundu. Miaka karibu 250 baada ya Stubbs, dunia ilimwona kangaruu na haikushangaa tena, ililia. Fedha zikachangwa, na watu wa nchi za mbali wakafuma mifuko ya kuwatunzia watoto wa kangaruu walioachwa yatima.

Wanasayansi walikadiria mwaka 2020 kwamba moto ule uliua au kuwafukuza wanyama karibu bilioni 3. Kati yao mamalia walikuwa milioni 143. Wengi kabisa, bilioni 2.46, walikuwa reptilia: mijusi, nyoka na jamaa zao. Mtafute mjusi katika picha zile zilizozunguka dunia, utamtafuta sana. Huruma ilikwenda ilikoelekezwa na kamera, na kamera ilikwenda kwa wenye manyoya. Siwalaumu waliolia. Ila anayechagua cha kuonyesha anachagua pia nani atakumbukwa, na hilo ni jukumu zito kuliko wengi wanavyodhani.

Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya picha nyingine ya kangaruu. Imo kwenye dari la mwamba katika nchi ya watu wa Balanggarra, eneo la Kimberley, kaskazini-magharibi. Urefu wake ni mita mbili. Nyigu waliwahi kujenga viota vya udongo pale kabla haijachorwa, na wengine wakajenga juu yake baadaye. Kwa kupima umri wa viota vya chini na vya juu, watafiti wakishirikiana na wenye ardhi walikadiria kwamba ilichorwa yapata miaka 17,300 iliyopita.

Aliyeichora hatumjui jina. Lakini ukifuata mstari wa mgongo ule na michirizi aliyoijazia mwili, huoni ngozi wala mzoga. Unamwona mtu aliyekuwa amemtazama kangaruu maisha yake yote, akijua anapokunywa maji na anapolala jua likiwa kali. Hakumchorea mgeni. Aliwachorea watu wake, kwenye mwamba wa nyumbani, na kangaruu wenyewe walikuwa nje wakila majani.